Naomba ushauri: binti yangu anaumwa tumbo kila shule ikikaribia

Habari zenu wazazi wenzangu. Binti yangu ana miaka 12. Jumapili jioni tumbo linaanza kumuuma, usiku hapati usingizi, asubuhi ni kichefuchefu. Ijumaa jioni na wakati wa likizo, mzima kabisa! Daktari kampima, hakuona ugonjwa. Akasema inaelekea ni wasiwasi, na kwamba watoto wengi huuonyesha mwilini kabla hawajaweza kuusema. Hasingizii, maumivu anayasikia kweli.

Kinachonitatiza ni hiki. Tumeambiwa kwamba akibaki nyumbani atapata nafuu papo hapo, lakini hofu itazidi kukua, kwa hiyo arudi kidogo kidogo: aanze na vipindi viwili, kisha nusu siku. Naelewa. Ila baba yake anaona huko ni kumdekeza, aende siku nzima apende asipende, na bibi yake anataka apumzishwe muhula mzima. Mtoto anayasikia yote hayo. Kutwa ananiuliza, "Mama, nikizimia darasani je?" Nikimtuliza, baada ya dakika chache anauliza tena.

Mliopitia haya, mlimjibuje mtoto bila kumpuuza wala kurudia "usijali" siku nzima? Mwalimu mlimweleza kiasi gani? Nimemuuliza kwa upole kama kuna anayemwonea, akasema hapana, ingawa bado nachunguza. Na mtaalamu wa saikolojia mlimtafuta mapema au mlisubiri kwanza? Ushauri wa "atakua ataacha" nimeshaupata wa kutosha. Naomba mbinu za vitendo.