Koseti ya gauni la sendofu: plastiki, springi au chuma bapa?

binti_mikindani: Habari za jioni wapendwa. Nina mteja wa sendofu anataka gauni la satini nyeupe lenye koseti ya kubana kweli, sio ile ya urembo, na ni mwenye mwili, shughuli ni hapahapa Mtwara mjini na joto letu mnalijua. Ninayo mifupa (vile vijiti vya kusimamisha koseti) ya plastiki ile unayoshonea juu moja kwa moja ila naambiwa niagize ya chuma Kariakoo, sasa tofauti ni nini hasa mpaka nimuongezee bei?

Fundi_Chikongola: Dada kwa mwenye mwili plastiki usiweke. Ikipata joto la mwili inalegea, akikaa inakunjika pale kiunoni na hairudi tena. Springi, ule waya uliosokotwa ukabanwa bapa, inapinda pande zote kwa hiyo ikae kwenye mishono yenye kona, kifuani kushuka nyonga. Chuma bapa kinapinda mbele na nyuma tu, kiweke mgongoni kandokando ya matundu ya kamba. Changanya vyote viwili.

mama_shangani: Kweli kabisa fundi, ila hicho chuma kiwe kimepakwa kinga ya kutu na ncha zimefunikwa mwanangu, sisi tuko baharini, chumvi na jasho vikikutana na chuma kitupu ni kutu, na doa la kutu kwenye satini nyeupe halitoki kirahisi!!

kusini_mitindo: Jamani plastiki mnaionea. Msichana mwembamba, koseti ya kupendezesha tu, inatosha sana, nyepesi na inafulika. Choma ncha kwa mshumaa isimchome ngozi, basi.

Fundi_Chikongola: Kwa mwembamba sibishi. Lakini wote tunaongelea mifupa wakati kinachobana ni kitambaa cha ndani, mifupa kazi yake kuzuia kitambaa kisijikunje. Ulaya wanatumia kutili, pamba nzito iliyofumwa kwa kubana, haivutiki. Mimi natumia kitambaa cha drili ya pamba au cha marekani, safu mbili, sikati mshazari, na katikati ya safu napitisha utepe wa pamba kuzunguka kiuno maana huo ndio unabeba mvuto wote. Satini na gamu stifu (ile ya kubandika kwa pasi kukaza kitambaa) peke yake mishono itaachia mbele za wageni.

binti_mikindani: Asante fundi, marekani ninayo. Kiuno chake ni inchi 38, nikate ngapi?

mama_shangani: Akitaka kisome 36 shona 34, hizo inchi 2 ni mwanya wa nyuma wa kukaza kamba, na uwekee kitambaa cha kuziba ngozi isionekane. Kila mfupa uwe mfupi robo inchi juu na chini kuliko njia yake, ule mfuko mwembamba unaopitia, la sivyo utatoboa.

binti_mikindani: Shikamoo mama, nimeelewa. Naagiza springi na bapa zilizopakwa kesho asubuhi. Matundu ya kamba nipige aileti, vile vijipete vya chuma vya kuzungushia tundu, zenye pete ya nyuma?

Fundi_Chikongola: Hizohizo, zisizo na pete zinang'oka. Na piga karibukaribu hapo kiunoni.