Tupeane uzoefu: Krosibo iruhusiwe msimu wa upinde, au ingoje msimu wa bunduki?

Mzee wa Dungu (Ohio)

Wakuu, salaam. Septemba ikikaribia, swali hili huibuka kama siafu baada ya mvua. Safari hii tulimalize kwa maelezo. Hadithi za "mimi nilimpiga wa pembe kumi" zina uzi wake. Hapa leteni vipimo, sheria na sababu.

Tukubaliane kwanza na jina. Krosibo ni upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Upote ukishavutwa unashikwa na chuma ndani, unakaa hivyo hata saa nzima mpaka uvute kifyatulio. Mwenye upinde wa mkono anavuta na kushikilia kwa msuli wake, tena mnyama akiwa mbele yake anamtazama. Ugomvi wote unaanzia hapo.

Kwa sheria, Marekani haina kauli moja, kila jimbo lina lake. Ohio ilifungua mlango mapema, tangu 1976. Pennsylvania iliiingiza krosibo katika msimu wa upinde 2009. Wisconsin tangu 2014 ina leseni yake ya krosibo, na msimu wake unakwenda sambamba na wa upinde. Minnesota ilikuwa inawaruhusu wenye miaka 60 na kuendelea pamoja na wenye ulemavu, kisha 2023 ikafungulia wote. Colorado na Idaho, msimu wa upinde ni wa upinde wa mkono tu. Krosibo utaibeba wakati wa bunduki, labda uwe na kibali cha ulemavu. Kijitabu cha jimbo lako cha mwaka huu ndicho cha kuamini, si uzi huu.

Karibuni.

Ratili70

Wanaosema "krosibo ni bunduki iliyonyamaza" waje tupige hesabu.

Upinde wa kapi (wa kuvutwa kwa mkono, wenye magurudumu madogo nchani) unaohitaji nguvu ya ratili 70 kuuvuta hurusha mshale wa grein 420 (grein ni kipimo kidogo cha uzito) kwa futi 280 hivi kwa sekunde. Krosibo ya leo hurusha mshale wa grein 400 kwa futi 400. Zidisha uzito kwa mwendo, kisha kwa mwendo tena, ugawanye kwa 450,240, unapata nguvu kwa futi-ratili. Wa kwanza unatoka na 73, wa pili 142. Karibu mara mbili. Lakini 73 inatosha kabisa kutoboa mbavu za kulungu wa mkia mweupe na kutokea upande wa pili. Ziada yote ile inaishia kwenye udongo nyuma yake.

Faida ya kweli ya mwendo ni makosa ya kukadiria umbali. Umelenga kwa yadi 40, kumbe mnyama yuko 50. Mshale wa futi 280 utapita kama inchi 11 chini ya ulipolenga. Wa futi 400 kama inchi 5. Eneo la moyo na mapafu ni duara la inchi 8 hadi 10. Ukilenga katikati, kosa la kwanza linakuletea mguu au hewa tupu, la pili bado liko ukingoni mwa mapafu. Kipima masafa cha bei ya kawaida kinafuta sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Halafu kuna sauti. Krosibo ina kelele kuliko upinde. Sauti husafiri karibu futi 1,100 kwa sekunde, kwa hiyo inamfikia mnyama kabla ya mshale wowote. Kulungu akishtuka hujikunja miguu ili aruke, na kifua kinashuka. Kitu kinachoanguka chenyewe kwa moja ya tano ya sekunde kinashuka karibu inchi 8. Mshale wa futi 400 unahitaji zaidi ya thuluthi ya sekunde kufika yadi 50. Kwa hiyo yule muuzaji anayekwambia "hii ni ya yadi 80" anazungumzia shabaha ya sponji, ambayo haina masikio.

Mjukuu wa Podo

Nami niweke historia kidogo, maana watu wanadhani msimu wa upinde ulishuka pamoja na mvua.

Wisconsin ndiyo iliyoanzisha msimu wa kisasa wa upinde kwa kulungu, 1934, katika kaunti mbili tu, Sauk na Columbia. Wakati huo upinde ulikuwa wa mti. Upinde wa kapi ulikuja baadaye: Holless Wilbur Allen wa Missouri aliomba hataza 1966, akapewa 1969. Kapi zile zinakupunguzia mzigo ukishafika mwisho wa kuvuta. Wa ratili 70 wenye punguzo la asilimia 80 unabaki na ratili 14 mkononi. Ongeza kifyatulio cha kufunga kwenye kifundo cha mkono, ongeza misumari ya kulengea yenye mwanga. Wapiga upinde wa mti walilalamika maneno yale yale tunayoyasikia leo kuhusu krosibo. Leo mwenye kapi ndiye "mwana mila"!

Kwa hiyo hoja ya mila mimi naiona dhaifu. Ukitaka mila, babu zetu Wawata wa upande wa Tsavo walikuwa na pinde zilizopita ratili 100, hazina kapi wala kifyatulio, na sumu ya msunguti juu ya chembe. (Kenya uwindaji ulifungwa 1977, kwa hiyo asije mtu kuniuliza leseni inapatikana ofisi gani.)

Klabu ya Pope and Young, inayotunza rekodi za wanyama waliowindwa kwa upinde, haikubali mnyama wa krosibo. Hiyo ni haki yao, wao wanatunza rekodi za aina fulani ya mchezo. Jimbo kazi yake ni nyingine: kuhesabu kulungu.

Bonde la Magharibi (Colorado)

Mnaongea kama Marekani yote ni Ohio. Huko kulungu wa mkia mweupe wamejaa mpaka bustani za watu, jimbo linataka wapunguzwe. Huku tunawinda elki, kulungu wakubwa wa milimani, kwenye ardhi ya umma. Msimu wa upinde wa Septemba unaangukia wakati madume wanapiga mbiu kutafuta majike, yaani wakati ni wepesi kuitwa. Wawindaji waliruhusiwa wakati huo mtamu kwa sababu silaha yao ni ngumu: lazima usogee mpaka yadi 30 au 40, uvute upinde bila kuonekana. Wengi wanarudi mikono mitupu, na kwa kuwa wengi wanarudi hivyo, vibali vinatosha watu wengi.

Mpe kila mtu silaha ambayo mtu mzima anaweza kuizoea kwa wikiendi mbili. Waliofanikiwa wataongezeka, na idara ina njia mbili tu: kufupisha msimu au kuingiza vibali kwenye bahati nasibu. Wa krosibo hatapoteza kitu, msimu wa bunduki anao.

Sipingi kibali cha mwenye bega lililovunjika. Napinga kuita kitu kimoja majina mawili.

Mzee wa Dungu

@Bonde, hapo umegusa penyewe. Ila angalia Ohio: dume mwenye pembe ni mmoja tu kwa mwaka wa leseni, umpige kwa upinde, krosibo, gobori au bunduki. Wisconsin nako, upinde na krosibo wanagawana kibali kimoja cha dume. Ukinunua leseni zote mbili hupati dume wawili. Kinachomlinda mnyama hapo ni idadi ya vibali, na silaha inabaki suala la nani anapata nafasi. Katika majimbo yote mawili krosibo sasa inaua kulungu wengi kuliko upinde wa mkono, na kulungu bado wapo wa kumwaga.

Jimbo likiwa na wanyama wachache na watu wengi, nakubaliana nawe.

Fundi Upote

Mjadala wenu mzuri, lakini wanaopiga kura ya "ndiyo" wajue krosibo inaumiza mwenyewe kuliko upinde. Haya ndiyo yanayoharibika, na kwa nini.

Kuvuta. Kanyaga kikanyagio cha mbele kwa buti yenye kisigino. Weka kulabu mbili za kamba ya kuvutia kwenye upote, moja kila upande wa mfereji (njia ya mshale), zikigusa kitako. Vuta mikono yote pamoja mpaka usikie mlio wa kukamata. Kamba inapunguza mzigo kwa nusu: ratili 180 zinakuwa 90. Wa mgongo mbovu atumie mkono wa kuzungusha. Kosa kubwa ni kuvuta upande mmoja zaidi. Upote ukikaa nje ya katikati hata kwa upana wa punje ya mchele, mshale unakwenda kushoto au kulia inchi kadhaa, na mtu anashinda anahangaika na darubini bure. Dawa: upinde ukiwa umetulia, weka alama kwa kalamu ya fedha juu ya upote, pande zote mbili za mfereji. Kila ukivuta, alama zikae sawa.

Mshale. Tumia aina ya kishikio cha nyuma kilichotajwa kwenye kitabu cha krosibo yako, bapa au chenye mfinyo. Unyoya wa rangi tofauti ulale kwenye mfereji. Sukuma mpaka mshale uguse upote. Ukiacha nafasi, upote unaruka juu ya mshale, na hiyo ni sawa na kufyatua bila mshale. Matokeo yake ni mbawa (mikono miwili ya upinde) kupasuka, upote kukatika, kapi kupinda. Mshale mwepesi kuliko uzito wa chini uliotajwa huleta balaa hilo hilo polepole.

Kidole gumba cha mkono wa mbele kikae CHINI ya mfereji. Upote hauna huruma. Kisha angalia mbawa: zikifunguka zinapanuka, na zikigonga mti au chuma cha dungu, vipande vinaruka usoni.

Kupanda. Panda mikono mitupu, mkanda wa usalama ukiwa umefungwa tangu chini, kisha vuta krosibo kwa kamba, ikiwa haina mshale. Mshale unawekwa ukiwa umeketi. Kushuka ni kinyume chake.

Jioni hujapiga kitu? Krosibo nyingi haziachiwi upote kwa mkono. Shuka, weka mshale wa mazoezi wenye ncha butu, piga ndani ya mfuko wa shabaha karibu na gari. Kupiga udongo wenye mawe kunarudisha mshale. Usiilaze imevutwa usiku kucha.

Nta ipake kwenye nyuzi za upote kila baada ya mishale 10 hivi. Ile sehemu ya katikati iliyozungushiwa uzi haipakwi nta, kwa sababu inabeba uchafu mpaka kwenye kifyatulio.

Chembe: Pennsylvania na Wisconsin zinataka upana usiopungua 7/8 ya inchi. Kwa futi 400, chembe pana ya kukaza (isiyofunguka) hushika upepo kama tiara, kwa hiyo chukua fupi, ya inchi 1 hivi. Zile za visu vya kufunguka zinaweza kufunguka angani kama pete inayovizuia ni ya krosibo dhaifu. Jaribu kwa chembe utakayowindia, si kwa ncha ya mazoezi pekee.

Bi Mkubwa wa Dayton

Fundi, ahsante. Kwa sisi tunaokula nyama hiyo, uhalali wake?

Abu Swaid

Bi Mkubwa, msingi ni hadithi ya Adiy bin Hatim: kilichochomwa kwa ncha kinaliwa, kilichopigwa kwa ubavu wa fimbo kikafa hakiliwi. Chembe kali inachoma, kwa hiyo krosibo na upinde ni sawa. Bismillahi ni wakati wa kufyatua, si wakati wa kuvuta upote asubuhi. Ukimkuta bado hai, mchinje. Hadithi hiyo hiyo inasema mnyama akipotea siku nzima kisha ukamkuta hana alama ila ya mshale wako, waweza kula. Akianguka majini, usile, maana hujui maji ndiyo yaliyomuua au mshale.

Hapo ndipo kufuata damu kunapohusika. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu: ngoja dakika 30. Damu nzito ya giza ni ini: saa 4 hadi 6. Ukiona majimaji ya kijani na harufu ya tumbo, saa 8 hadi 12, usimkurupushe. Mnyama wa tumbo akilala hufia hapo hapo karibu, akifukuzwa anakwenda maili, na mara nyingi anakimbilia maji. Sasa mwezi wa tisa Ohio bado joto, na nyama haivumilii saa 8 juu ya nyuzi 40 za Farenhaiti. Kwa hiyo usipige anayekutazama uso kwa uso. Ngoja akupe ubavu, au ageuke kidogo kukupa mgongo. Zile futi-ratili 142 za @Ratili70 hazirekebishi pembe mbaya. Majimbo mengi yanaruhusu mbwa wa kunusa damu akiwa kwenye kamba, ulizia mapema.

Kijana wa Leicester

Uingereza mjadala wenu haupo. Sheria ya wanyamapori ya 1981 inakataza kuua mnyama wa porini kwa upinde au krosibo, yote mawili. Niendelee kusoma tu.

Mgeni_Mpya

Niko Pennsylvania kwa viza ya kazi, sina kadi ya kijani ya ukaazi. Krosibo inahesabiwa silaha ya moto?

Mzee wa Dungu

Kwa sheria ya shirikisho, hapana, kwa sababu haitumii baruti. Lakini leseni ya uwindaji bado unahitaji, na cheti cha mafunzo ya uwindaji kabla yake. Pennsylvania krosibo isipungue ratili 125 za kuvuta. Wisconsin ni 100, Ohio 75. Msimu wa upinde ukipishana na wa bunduki, vaa machungwa ya kung'aa kama kijitabu kinavyotaka, hata kama una mshale mkononi.

Mgeni_Mpya

Na kamba ya kuvutia, naikatia urefu gani?

Fundi Upote

Hukati. Nyingi huja na urefu wake. Ikiwa ndefu, piga fundo kila upande karibu na mshikio, mafundo yawe sawasawa kwa kupima, kisha uangalie alama za fedha.