MC wa koti la kumeta kanikatia Dogo Aslay katikati ya harusi ya mdogo wangu, leo silali

BintiWaRangiTatu:

Wakuu, saa nane na nusu usiku, ndio naingia ndani, gauni la sare bado ninalo mwilini na sitalivua mpaka niseme.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule MC wa koti la kumeta, anayeshika maiki kama anatafuna muhindi wa kuchoma, anayeanza kucheka mwenyewe kabla utani wake haujafika. Kuanzia Mtoni Kijichi hadi Chamazi harusi zote ni yeye. Kama hajawahi kukutukana basi wewe mwaka huu hujaalikwa popote.

Leo ilikuwa harusi ya mdogo wangu, kitindamimba wetu. Mwezi mzima nimepanga jambo moja tu. Kamati ipange mapambo, ipange keki, mimi nilitaka wakati sisi ndugu tunakwenda kumtunza bibi harusi DJ aweke "Naenda Kusema" ya Dogo Aslay, ule aliouimba akiwa bado mtoto. Nimemfuata DJ mwenyewe, nikamwekea elfu ishirini mkononi, akaandika kwenye karatasi mbele yangu. Muda ukafika. Mimi mbele, shangazi na binamu nyuma yangu, noti nimezitandaza mkononi kama feni. Wimbo ukaanza. Ile sauti, jamani. Nikaanza kulia palepale, na mdogo wangu kule mbele naye shela linatikisika, kashajua.

Sijafika hata nusu ya ukumbi. Jamaa akanyoosha kiganja kwa DJ kama trafiki anavyosimamisha daladala: "DJ toa hiyo, hapa si chekechea." Muziki kimya. Nikajua anatania, nikaendelea kwenda, maana wimbo unaweza kukatwa lakini miguu ilikuwa imeshaondoka. Ndipo akanigeukia na maiki yake: "Dada wa gauni la kijani, huyo mtoto alishakua. Na wewe kua basi."

NA WEWE KUA BASI.

Watu mia tatu. Wakwe wako meza ya mbele. Mpishi katoka jikoni na mwiko wake kuja kuangalia ni nani huyo anayeambiwa akue. Mtoto aliyebeba pete, ana miaka mitano, kanitazama kwa huruma. Mtoto wa miaka mitano!

Huyu mtu hajui alichokikata. 2011 mimi niko kidato cha kwanza, mdogo wangu yuko la pili. Wenye kumbukumbu mnajua 2011 ndio mwaka wa ule mgao wa umeme. Mama yuko stendi anauza chapati hadi usiku, sisi wawili ndani, giza totoro, na redio ya betri ambayo betri zake mchana kutwa tumezianika juani zipate nguvu. Mdogo wangu alikuwa anaogopa giza mpaka anatetemeka. Tukisubiri redioni mpaka huyo mtoto apigwe, na akipigwa mdogo wangu anaimba naye mpaka anasinzia. Mtoto rika langu, mzaliwa wa 1995, katokea hukuhuku kwetu Temeke kwenye Mkubwa na Wanawe, kile kituo cha kulea vipaji cha Said Fella. Tulizoea wasanii wenye ndevu, wanaimba mambo yao ya watu wazima. Akaja mwenzetu, na sauti imekomaa kushinda ya baba zetu. Baadaye nikapata memori kadi, kijana wa dukani akaniwekea nyimbo zake kwa shilingi mia mbili, simu yenyewe nimeazima kwa jirani. Picha yake nilifunikia daftari la Jiografia. Nimefeli Jiografia lakini daftari ninalo mpaka leo.

Ndicho alichokikata yule. Betri zetu za juani.

Alishakua, ndiyo, alishakua! Nilikuwepo anakua! Wakati wa Yamoto Band, yeye na Beka na Enock Bella na Maromboso ambaye nyinyi leo mnamwita Mbosso, Idd nzima niko ukumbi wa Dar Live pale Zakhem, nimebanwa kwenye uzio hadi kifungo cha blauzi kimeniachia alama kifuani. Bendi ikavunjika 2017, mtaa mzima mkasema basi tena, kwisha habari yake. Mwaka uleule akaachia nyimbo zinafuatana kama daladala za Mbagala asubuhi, moja haijajaza nyingine imeshafika. "Natamba" ikapigwa kwenye kila bajaji mpaka madereva wakawa wanaimba usingizini. Na mimi nipo. Sijahama hata siku moja. Tumekua wote, halafu mtu wa koti la kumeta ananiambia NA WEWE KUA BASI, kwenye maiki niliyoilipia mchango.

Nimemaliza. Sijamaliza, lakini mkono unatetemeka.

Mchokozi wa Buza:

Nimewahi siti ya mbele, leteni karanga.

Mama Shufaa:

Pole mdogo wangu. Huyo huyo kwenye send-off ya binti wa dada yangu, Mbande, alimwambia baba yetu kwenye maiki, "Mzee punguza kula, wenzako sahani hazijafika." Baba alikuwa anameza dawa ya presha! Hakula tena mpaka tunafika nyumbani. Tulimpikia uji saa saba usiku.

Mzee wa Sindano:

Mleta uzi, MC kafanya kazi yake. Watu wamekaa tangu saa mbili wanasubiri kucheza, wewe unawaletea wimbo wa mtoto anayekwenda kusema. Mia tatu wasimame kwa ajili ya daftari lako la Jiografia?

BintiWaRangiTatu:

Mzee wa Sindano, kwani nimeomba wimbo mzima? Nimeomba dakika mbili za kutembea kutoka mlangoni hadi jukwaani. Na hata kama ingekuwa saa nzima, aseme "dada tuna haraka". Nitaelewa. Yeye kaniambia nikue. Nina watoto wawili, nalipa kodi ya nyumba, nimemsomesha huyohuyo bibi harusi. Nikue niende wapi?

Mchokozi wa Buza:

Hahaha, nikue niende wapi. Wakuu, andikeni kwenye bajaji hiyo.

MtuWaNgarenaro:

Sawa, lakini mkizungumzia watoto wa wakati ule msimfiche Dogo Janja. Sisi Arusha tulimtoa huku Ngarenaro, akaja Dar kwa msanii Madee akiwa mdogo kabisa, na alikuwa anachana mashairi ya maana. Aslay alikuwa anaimba tu. Na sisi hatulii harusini.

BekaWangu:

Yaani mleta uzi kataja Yamoto, kamtaja Beka kwa sekunde moja kama anamuita konda ashushwe. Kila siku ni Aslay, Aslay, Mbosso, Mbosso. Beka ndiye alikuwa sauti ya bendi ile. Mimi nimechoka na hii dhuluma tangu 2014. Naomba anzisheni uzi wa Beka.

MtuWaNgarenaro:

Anzisha mwenyewe.

BekaWangu:

Nilianzisha. Mlichangia watatu, na wawili mliniuliza kama nauza simu.

Shungi la Likoni:

Huku Mombasa kuna dereva wa matatu, nisimtaje, nyote wa Likoni mwamjua, yule mwenye gari la zambarau. Yeye huweka Yamoto, abiria mkianza tu kuimba, mpo pamoja na konda na nyanya mmoja na kuku wake, aubadilisha. Kila siku. Juzi nikamwambia, kaka, mbona wafanya hivi? Anijibu gari ni lake. Nilishuka kabla ya feri nikaenda kwa miguu kwa hasira. Kwa hivyo dada nakuelewa kabisa, wallahi. Wimbo ukikatwa ni kama kunyang'anywa tonge mkono uko mdomoni.

BintiWaRangiTatu:

Shungi la Likoni, Mungu akupe maisha marefu. Wewe peke yako umeelewa. Tonge liko mdomoni, na juu yake unaambiwa ukue.

Halafu wale mnaosema alikuwa mwimbaji wa watoto, 2018 alipoimba "Subalkheri Mpenzi" na Nandy, shangazi yangu wa Tanga, mtu ambaye hajawahi kusifia msanii yeyote wa sasa, alisimama jikoni na ungo wake, mchele ukamwagika, akasema huyu kijana amelelewa. Shangazi huyohuyo jana alikuwa nyuma yangu na noti zake. Kaziweka kwenye pochi tena. Hakumtunza mtu. Mmemkatia bibi harusi fedha za shangazi!

Kijana wa Michenzani:

Samahani, hapo kwenye Subalkheri nisipite kimya. Ile ni taarab ya zamani, si ya hao wawili. Bibi yangu akiuimba wakati anatunga vikuba, mimi sijazaliwa. Watu wa bara mna tabia ya kusikia kitu leo mkadhani kimezaliwa leo. Kijana kauimba vizuri, simnyimi haki yake. Ila muwe mnasema.

BintiWaRangiTatu:

Nimesema "alipouimba". Sijasema kautunga. Lakini asante.

Kijana wa Michenzani:

Umesema "alipoimba". Ndiyo maana nikasema.

Mzee wa Sindano:

Hapa sasa tunapigania herufi.

Mhasibu wa Kamati:

Mimi nimekwama kwenye elfu ishirini ya DJ. Dada, ulimpa nje ya bajeti? Ndiyo haya sasa. Mtu analipwa na kamati, halafu kila ndugu anampitishia chake chini ya meza, kila mmoja na wimbo wake. MC anajikuta ana nyimbo arobaini na ukumbi unafungwa saa sita. Mimi nimekuwa mhasibu wa kamati tisa na nywele zimeniisha.

BintiWaRangiTatu:

Ningepitia kwenye kamati wangeniambia nini? Kamati ilikataa hata maua ya njano.

Mhasibu wa Kamati:

Njano ilikuwa na gharama.

Mama Shufaa:

Na nyinyi wa kamati msijitoe. Mwezi uliopita nimechangia laki moja, kadi ya watu wawili, mimi na mume wangu. Tumefika, pilau limeshuka, nimelifukua kwa uma kutoka upande huu hadi upande ule. Nyama hakuna. Nikalifukua tena kurudi. Mume wangu akapata kipande kimoja, tukakikata katikati kwa kijiko cha plastiki, kijiko kikavunjika.

Mchokozi wa Buza:

Laki moja kwa nusu kipande! Hiyo nyama ilikuwa ya ng'ombe au ya twiga?

Shungi la Likoni:

Pilau la Dar mwalipika na nini? Mimi nililila mara moja, Kariakoo, lilikuwa la njano. Pilau la njano! Pilau huwa la kahawia, kitunguu kiungue hasa.

Kijana wa Michenzani:

Kitunguu kikiungua limeharibika. Kikaange kiwe hudhurungi, basi. Pilau la Mombasa ni jeusi.

Shungi la Likoni:

Jeusi! Haya, toka nje tuzungumze.

BekaWangu:

Naona hata pilau limepata nafasi kabla ya Beka.

BintiWaRangiTatu:

Jamani, mbona tuko kwenye pilau? Naomba turudi. Nimeamka, sijalala vizuri. Mdogo wangu kanipigia sasa hivi kutoka huko alikolala na mumewe, asubuhi yake ya kwanza ya ndoa. Badala ya kusema habari zake kaniuliza, "Dada, ulikuwa umefika wapi alipozima?" Nikamwambia nilikuwa kwenye meza ya wajomba. Akasema yeye alikuwa ameshaanza kuimba ndani ya shela. Tukauimba kwenye simu mpaka mwisho, mume wake anasikia, na sijali. Halafu nikakata simu na nikakisikia tena kile kisauti cha kwenye maiki. Na wewe kua basi. Mbele ya wakwe! Mama mkwe wake sasa atanijua kama yule dada aliyeambiwa akue! Huyo mtu anarudi Jumamosi, ana harusi Mbagala Kuu, nimeshaambiwa ukumbi.

Mzee wa Sindano:

Unakwenda kufanya nini huko?

BintiWaRangiTatu:

Nakwenda kukaa meza ya mbele na gauni lilelile la kijani, nimkazie macho tangu bwana harusi anaingia hadi keki inakatwa.

MtuWaNgarenaro:

Umealikwa?

BintiWaRangiTatu:

Nitachangia.

Mhasibu wa Kamati:

Mbagala Kuu, Jumamosi hii? Mhasibu ni mimi. Kadi ya mtu mmoja ni elfu hamsini, mwisho wa kupokea ni Alhamisi. Nitafute pembeni.

Mama Shufaa:

Mhasibu, hebu kwanza utuambie hadharani. Nyama ipo?

Mhasibu wa Kamati:

Ng'ombe mmoja na mbuzi watatu kwa watu mia nne.

Mama Shufaa:

Mbuzi watatu kwa watu mia nne! Haya ndiyo ninayoyasema mimi kila siku.

Kijana wa Michenzani:

Na mchele? Usiniambie ni wa plastiki tena.

Shungi la Likoni:

Na vitunguu mwavikaanga vipi, tujue kabla mtu hajatoa hamsini yake.