Naomba ushauri: kumwagilia ukoka wakati huu wa jua kali Dodoma

Habari zenu wakuu. Nina bustani ndogo ya ukoka mbele ya nyumba, kama mita za mraba 60. Oktoba hii jua ni kali, upepo haupoi, na mvua mpaka Desemba huko. Nyasi zimeanza kuwa na rangi ya kijivu, na ukizikanyaga alama ya mguu inabaki, yaani zina kiu kabisa.

Ninavyojua, nyasi zinataka maji kama milimita 25 kwa wiki, sawa na lita 25 kila mita ya mraba. Kwangu ni lita 1,500 kwa wiki. Tenki langu ni la lita 2,000, maji ni ya mgao, na familia ni lazima ipike na ifue. Hapo ndipo ninapokwama.

Kijana anayenisaidia humwagilia kidogo kidogo kila jioni. Mimi naona bora alfajiri, mara mbili kwa wiki, maji yazame chini ili mizizi iyafuate. Tatizo udongo wetu umekauka na kushikana, maji yanatiririka hadi barabarani kabla hayajazama.

Waliofanikiwa mikoa ya joto, mnafanyaje? Nitoboe udongo kwa uma wa bustani nitandaze samadi iliyooza? Na maji ya kusuuzia nguo yanafaa, au sabuni itaziua? Nikiziacha zilale mpaka mvua, ukoka utaamka wenyewe? Nazipenda sana hizi nyasi, watoto wanachezea hapo.

Natanguliza shukrani.