Uzi wa kucha za chaza na lulu: waliowahi kubandika, tupeane uzoefu

BintiPasiansi
Habari za jioni wakuu. Leo nimepita Makoroboi kutafuta kitambaa cha sare, muuzaji ananipimia, mimi nimeshindwa hata kuhesabu mita. Macho yote kwenye kucha zake. Kila kucha imefinyangwa kama ganda la chaza lililofunguka, kingo zimekunjamana, zina kijivu na zambarau kwa mbali, akigeuza mkono zinang'aa kijani. Halafu kidole cha pete kina lulu imekaa katikati ya ganda. Jamani! Send-off ya mdogo wangu inakaribia na matroni ni mimi. Waliowahi kubandika hivi vitu, hasa wa huku Mwanza, leteni uzoefu. Zinadumu? Unafulia nazo? Ugali unalika?

Kichwa_Ngumu_Igoma
Ugali unalika kwa kijiko. Anayefuata.

MamaDagaa
Mimi niliweka Krismasi, na kazi yangu ni dagaa pale Mwaloni. Mikono majini asubuhi mpaka jioni. Ile kucha ya bandia ikaachia kidogo kwa nyuma, sikujali, nikaona bado inapendeza. Siku naenda kubandua, chini kucha yangu mwenyewe ni ya kijani. Kijani kabisa, mwenzenu nikadhani kidole kinaoza. Nikaenda zahanati, nikaambiwa ni bakteria wanaopenda unyevu, wanaingia pale kwenye uwazi kati ya kucha na bandia na kujijengea makao. Nikaambiwa nisibandike kitu juu yake, niache ikauke, na ile rangi itaondoka kadiri kucha inavyokua. Imechukua miezi. Kwa hiyo ukiona imeachia hata kidogo, bandua, usigundishe tena juu.

Shosti_Nyegezi
Pole mwaya. Hiyo unasugua limao, siku tatu tu.

MamaDagaa
Nilisugua. Nilichopata ni kuwashwa.

Baba_Wawili
Siki iliyochanganywa na maji. Limao ni la sato.

Kichwa_Ngumu_Igoma
Na dizeli je? Kijijini kwetu dizeli inatibu kila kitu.

MkweWaNansio
Mdogo wangu BintiPasiansi umenigusa pabaya. Ngoja niseme, ni ndefu, asiyetaka kusoma apite.

Nilikuwa nimetoka kubandika hizo hizo za chaza, lulu mbili kila mkono, zile nusu zenye mgongo bapa. Elfu arobaini. Nikapiga picha, nikaweka status. Usiku simu: mama mkwe mdogo amefariki, Nansio. Kuzibandua kunataka asetoni na muda, na muda wenyewe hakuna. Nikajifunga kanga, asubuhi nikawahi meli.

Msibani kwa wakwe hukai mkekani ukalia tu, mnajua. Nikapewa kisu na rundo la mihogo. Wifi mkubwa akaniangalia vidole, akauliza, "Hizo kucha zimekuja kuzika au kuzikwa?" Nikameza. Nikamenya, nikachambua dagaa, nikaingia kusonga ugali wa muhogo kwenye sufuria ambalo mtu angeweza kuogea. Ule ugali unavyonata, mwiko unataka kuondoka na mkono.

Mchana wazee wako chini ya mwembe wanakula. Tukasikia "ka!" Baba mkwe mkubwa akatema kwenye kiganja. Kitu cheupe, cha mviringo, kinang'aa. Mzee mmoja akasema polepole, "Ushanga."

Sasa muelewe, marehemu alikufa ghafla. Maneno yalishaanza tangu usiku. Leo ushanga mweupe kwenye chakula cha matanga, nyumba ile ile! Sahani zikasukumwa. Mzee anaulizwa kama amemeza kingine. Mmoja anataka aitwe mtaalamu. Mawifi wakaanza kuulizana nani alishika mwiko, na jina la kwanza kutajwa likawa la mke wa shemeji, ambaye hawakupatana naye tangu aolewe. Yule dada analia, anaapa kwa kaburi la mama yake.

Mimi mkono uko ndani ya kanga, napapasa kidole kimoja kimoja. Cha pete, kulia: shimo. Ulimi mzito kama jiwe. Ndipo mtoto wa shemeji, kakaa miguuni pangu anakula, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani: "Mama mdogo anazo nyingine tatu."

Uwanja mzima ukanigeukia. Nikaenda, nikapiga magoti, nikatoa mkono. Mzee akaichukua ile lulu, akaipachika mwenyewe kwenye shimo. Ikakaa sawasawa. Akauliza, "Ya baharini hii?" Nikasema hapana baba, ni plastiki. Hapo ndipo alipokasirika. "Plastiki ndiyo imenivunja jino?"

Mpaka leo ukoo mzima unaniita Mama Lulu. Na yule mke wa shemeji ndiye rafiki yangu pekee pale nyumbani.

Shosti_Nyegezi
"Anazo nyingine tatu" nimekufaaa

Kichwa_Ngumu_Igoma
Chai hiyo.

MkweWaNansio
Chai ya kwenu. Nenda Nansio uulize.

Kichwa_Ngumu_Igoma
Jino la mtu mzima livunjwe na plastiki ya kucha? Labda lilikuwa bovu.

MkweWaNansio
Lilikuwa bovu, ndiyo, lakini lilikuwa lake.

FundiKibanda
Niingilie kidogo, mimi ni fundi. Nimeanza zamani natembea na kibeseni na chupa za rangi mitaa ya Kirumba, sasa nina kibanda changu. Mama Lulu, hiyo haikung'olewa na ugali. Fundi wako alidondosha jeli, akaweka lulu juu, akakwambia ingiza mkono kwenye taa ya kuikaushia. Mwanga haupenyi lulu. Jeli ya chini inabaki mbichi, imeshikilia pembeni tu, kesho keshokutwa inatoka. Lulu inabanwa kwa jeli nzito, unaacha ukingo mwembamba kuizunguka, halafu mkono unageuzwageuzwa kwenye taa ili mwanga uingilie ubavuni. Na jeli mbichi ndiyo inayowapa watu aleji. Ikikukamata mara moja, jua hata ukibadilisha saluni itakufuata.

Ganda lenyewe si kazi kubwa. Rangi ya maziwa, kausha, topu koti isiyonata, sugua ule unga wa kung'arisha kama kioo mpaka uone mng'ao, kisha chora mikunjo kwa jeli ya kujengea, kila mkunjo uende kwenye taa kwanza ndipo uchore mwingine, la sivyo inamwagika yote inakuwa uji. Wa supa gluu mkimbieni. Ikidondokea pamba inachemka mpaka moshi unatoka, mtu anaungua kidole mchana kweupe.

Shosti_Nyegezi
Supa gluu ndiyo iliyonikalia kuliko jeli zenu zote. Mnatetea bei tu.

FundiKibanda
Siku ya kubandua utanitafuta.

Ustadhi_Mabatini
Dada zangu Waislamu mkumbuke udhu. Maji hayafiki kwenye kucha.

BintiPasiansi
Ahsante ustadhi. Mimi ni Mkatoliki, ila wenzangu wamesikia.

DadaWaKiwandani
Wa viwanda vya minofu ya sangara huu uzi tunausoma kwa macho tu. Kucha, pete, hereni, vyote unaviacha getini.

NgoshaMvuvi
Mimi kinachonishangaza ni elfu arobaini. Huku Kayenze magamba yanayong'aa kwa ndani tunayakanyaga kila siku, yanasagwa wanapewa kuku. Njooni mchukue bure mbandike.

Mkerewe_Halisi
Hayo ni kome, ngosha, hayana lulu.

Baba_Wawili
Usibishe usichokijua. Lulu nyingi za bei nafuu madukani zinatoka kwenye kome wa maji baridi, Wachina wanawafuga kwenye mabwawa. Ganda linang'aa kwa ndani kwa kitu kile kile kinachotengeneza lulu, tabaka juu ya tabaka.

Mkerewe_Halisi
Wanafugwa na kupandikizwa. Wewe unataka watu wakafungue kome wa ziwani kwa kisu wakitegemea utajiri. Watakachotoka nacho humo majini ni kichocho.

Baba_Wawili
Nani kasema wakafungue?

Pwani_Mhamiaji
Wa lulu ni sisi wa baharini, tulieni. Fumba, Unguja, akina mama wanafuga chaza kwenye kamba, wanawapandikiza kiini, wanavuna lulu za nusu. Lulu za mwanzo alizopata yule Mjapani Mikimoto mwaka 1893 nazo zilikuwa nusu nusu hivyo hivyo. Ukitaka kujua kama ni lulu ya kweli, isugue kwenye jino: ya kweli inakwaruza kidogo, ya plastiki inateleza.

Shosti_Nyegezi
Baba mkwe alishaipima hiyo

NgoshaMvuvi
Huku lulu yetu ni bondo la sangara, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwake. Mnunuzi wa bondo hakuulizi rangi ya kucha, anakuuliza gramu.

DadaWaKiwandani
Kama mumeo anauza bondo si ndo wa kukulipia hizo kucha sasa, mbona unalalamika bei?

NgoshaMvuvi
Mimi ndiye mume.

FundiKibanda
Na jambo moja la kubandua: msiloweke asetoni lulu za plastiki zikiwa juu. Zinayeyuka, zinanata kila mahali. Zing'olewe kwanza kwa koleo dogo, taratibu, ndipo uloweke.

BintiPasiansi
Nimeamua. Magamba vidole vyote, lulu moja tu, mkono wa kushoto, na siku hiyo mwiko siushiki. Fundi nakufuata chemba, nieleze kibanda kiko upande gani wa Kirumba. Mama Lulu, mzee alipona jino?

MkweWaNansio
Liling'olewa, tukalipa sisi. Na lulu mzee akagoma kunirudishia. Iko kwenye kopo lake la ugoro, kila nikienda kusalimia ananionyesha, anasema siku atakayokufa nisiguse mwiko.

Kichwa_Ngumu_Igoma
Bado ni chai, ila hii imekolea tangawizi.