Mrejesho: niliuliza kama maziwa yangu yanaweza kupimwa VVU

Wapendwa, wakubwa shikamooni. Nikiwa na kichanga cha wiki mbili niliwauliza: natumia ARV, je, naweza kupeleka maziwa yangu maabara yapimwe VVU kabla sijaendelea kunyonyesha? Mlinituma kliniki. Nilienda.

Nesi alinijibu kwa upole: "Mama, hapa hatupimi maziwa, tunapima damu yako na ya mtoto." Akanieleza kuwa virusi vinaweza kujificha ndani ya chembechembe za maziwa hata visipoonekana kwenye damu, kwa hiyo hatari haifiki sifuri. Ila kwa mama asiyeruka dawa, ambaye virusi vyake vimefubaa, iko chini ya asilimia 1.

Wiki ya 6 tukarudi. Alimtoboa mwanangu kisigino, matone yakadondoshwa kwenye karatasi ngumu yenye viduara, ikaanikwa ikauke. Alilia, nami nikalia. Kusubiri kule simtakii mtu.

Majibu: mtoto hana maambukizi! Kipimo changu nacho, virusi havionekani.

Jambo nililokuwa silijui kabisa: chuchu zikichubuka au titi likivimba, virusi huongezeka kwenye maziwa. Langu la kushoto lilichubuka kwa sababu mtoto alishika ncha tu. Nesi alinielekeza kumweka vizuri, na hilo nikawa nalikamua na kumwaga mpaka lilipopona.

Mama mkwe ameshaanza kutaja uji. Nimemwambia miezi 6 ni maziwa matupu, na dawa ni ile tu aliyoandikiwa kliniki, nevirapini ya kumkinga na VVU. Vipimo vingine bado vipo, hadi baada ya kuacha kunyonya.