Mjomba anamwandikia barua mwandishi aliyefariki 2008. Nimwambieje?

Msomaji wa Mwanjelwa

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri. Wenye kejeli nanyi karibuni, ila msinimalize.

Mjomba wangu kafundisha baiolojia sekondari zaidi ya miaka thelathini. Presha ya macho imemla: jicho la kushoto limezima, la kulia linaona vivuli tu. Tangu mwaka juzi nikitoka kazini napitia kwake, namsomea kurasa kumi kumi. Magazeti hataki, redio inamchosha. Anamtaka Michael Crichton, yule Mmarekani mwandishi wa riwaya za sayansi. Tulianza na Jurassic Park, ile ya dinosaria waliofufuliwa, nakala ya mtumba isiyo na jalada niliyoipata kwa buku mbili.

Tulipofika pale tyrannosaurus, yule dinosaria mla nyama, anaposhindwa kumwona mtu kwa kuwa kasimama tuli, mjomba akaninyooshea kiganja. "Simama hapo. Uongo! Mnyama anayeishi kwa kuwinda ashindwe kuona nyama iliyotulia?" Akakaa kimya kidogo, akacheka. "Au naye ana presha ya macho. Maana hata wewe usipotikisika sikuoni."

Toka siku ile anatunga barua ya kumsahihisha mwandishi. Anasema, mimi naandika kwenye daftari. Imefika kurasa nne na kila Jumapili inafanyiwa marekebisho.

Sasa wiki iliyopita binamu karudi kutoka Muscat na kitabu kiitwacho Eruption, cha 2024, jina la Crichton limeandikwa kubwa juu pamoja na la James Patterson. Mjomba furaha tele: "Unaona, mzee bado anaandika! Tafuta anwani." Nimeingia mtandaoni kutafuta anwani, nimekuta tanzia. Crichton alifariki 4 Novemba 2008, Los Angeles, kwa saratani, akiwa na miaka 66. Ugonjwa wenyewe aliuficha, wasomaji wake walistukia tu kafa. Na mimi nimestuka leo, kama vile kafa jana.

Nimwambie mjomba, au nisome tu kimya kimya? Na hivi vitabu vinavyotoka mwenyewe akiwa kaburini, ni vyake kweli?

Nawasilisha.

Kijiko cha Chai

Usimwambie. Mzee ana raha zake, tanzia ya nini? Jibu hiyo barua wewe mwenyewe, tia sahihi ya kizungu, maisha yaendelee.

Nesi Mstaafu

Kijiko, acha hizo. Mtu asiyeona anaishi kwa kumwamini anayemsomea. Akija kujua ulighushi barua, ataanza kujiuliza hata zile kurasa ulizisoma zote au uliruka. Mwambie, mwanangu. Mchana, akiwa ameshiba. Na matone yake ya macho asiache, hata akilalamika kwamba hayamrudishii kitu. Kazi yake ni kulinda hicho kidogo kilichobaki.

Popo wa Eldoret

Pole ndugu yangu. Mimi nilikuwa chuo mwaka huo. Habari ya kifo chake ilitoka wakati Obama ndio ametangazwa mshindi, na huku kwetu ilikuwa sherehe hadi ikatangazwa sikukuu ya taifa. Nani angesikia kuhusu mwandishi? Nilijua wiki kadhaa baadaye, na niliumia vile huumia ukikosa mazishi ya mtu wa kwenu.

Kuhusu vitabu, havilingani. Pirate Latitudes (2009) ilikutwa kwenye kompyuta yake, ameshaiandika. Dragon Teeth (2017) pia ni mswada wake mwenyewe. Micro (2011) alikuwa amefika kama theluthi, Richard Preston akaimalizia. Hiyo Eruption aliiacha nusu, mjane wake akatafuta mtu wa kuikamilisha, ndio Patterson akaingia. Mimi nilisoma Micro nikaiweka chini katikati. Sayansi ni yake, lakini ule utundu wa kukufundisha kitu huku unakimbia, sikuuona.

Goma Yetu

Popo, kwa Eruption mimi nakukatalia kidogo. Sisi tuliokimbia Nyiragongo usiku wa 22 Mei 2021, mtoto mgongoni na godoro kichwani, tunajua mlima unavyowaka. Kurasa zinazoeleza mlima wa Hawaii wenyewe, ile lava inatoka wapi na inaelekea wapi, hizo nilisoma nikasikia Crichton, yule daktari wa Harvard, anaongea. Wanajeshi na mbio zao, huyo ni mwenzake. Halafu yule mzee alikuwa na deni kwetu: kwenye Congo ya 1980 alituwekea volkeno inaitwa Mukenko, milima yote ya Virunga uihesabu hauioni!

Mbeba Mizigo Marangu

Mambo ya milima niachieni. Kwenye Travels, kitabu cha 1988, kaeleza alivyopanda Kilimanjaro mwaka 1975, malengelenge yakamtesa miguu njia nzima. Jitu la zaidi ya mita mbili, hebu fikirieni viatu vyake. Ile sura msomee mjomba kabla ya kumpa habari. Humo yupo yeye mwenyewe, analalamika kama wateja wetu wote.

Mama Wawili

Hamjasema jambo moja. Alipofariki mkewe alikuwa mjamzito, mtoto wa kiume akazaliwa mwaka uliofuata. Mimi ninaye wa hivyo hapa nyumbani. Babaye hakumwona lakini ukoo mzima unasema kacheka kama yeye. Vitabu navyo msiviite feki, ni mayatima waliolelewa kwa watu.

Popo wa Eldoret

Mama Wawili, nimenyamazishwa.

Halafu ngoja, Mwanjelwa! Nimekumbuka kitu. Je, The Lost World ya 1995 mmeshasoma? Humo kuna profesa wa baiolojia anayeamini ile hadithi ya kusimama tuli. Anasimama tuli mbele ya tyrannosaurus. Mnyama anamwona vizuri kabisa. Mjomba wako alishajibiwa, ndugu!

Kijiko cha Chai

Tena humo Malcolm, yule mwanahisabati, yupo hai, na kitabu cha kwanza kilikuwa kimeshamuua. Mwandishi mwenye tabia ya kufufua watu, mnashangaa nini akitoa kitabu 2024?

Msomaji wa Mwanjelwa

Mrejesho, wakuu.

The Lost World nimeipata kwa kijana wa Mwanjelwa, imelowa maji pembeni. Jana baada ya chakula cha mchana nikamwambia moja kwa moja. Akauliza mwaka gani. Nikamwambia 2008. "Nilikuwa bado nashika chaki." Akauliza umri. Sitini na sita. Yeye ana sabini na moja. Akahesabu kwa vidole, sijui alikuwa anahesabu nini, halafu akasema, "Kumbe nimempita. Na mimi namwita mzee."

Akakaa muda mrefu. Nikataka kuondoka, akaisikia kandambili. "Unakwenda wapi?" Nikamsomea pale pa yule profesa. Alipoliwa, mjomba akapiga goti kwa kofi mpaka kikombe kikamwagika. Akataka nirudie, nikarudia mara tatu.

Barua hakutaka ichanwe. Kasema ukurasa wa pili ufutwe wote, kwa kuwa mwenyewe alishajirekebisha. Hizo tatu zilizobaki zinahusu vyura, wale ambao DNA yao ilijazia mapengo ya dinosaria kwenye Jurassic Park, tunaendelea nazo Jumapili.